Mama Vichwa na injini za reli za jirani

Ni saa tatu asubuhi, na treni ya abiria imesimamishwa kwenye njia ya kupishana, katikati ya nyasi tupu. Abiria wananung'unika. Mhudumu wa behewa anaegemeza ufagio mlangoni, anachungulia dirishani na kukaza macho kule reli inakopinda.

"Ya kijani," anasema taratibu. "Hiyo si yetu. Ni ya shirika la madini."

Wenzake wanamwita Mama Vichwa, maana hakipiti kichwa cha treni ya mizigo asikitazame. Injini za mashirika mengine hupita njia hii kwa kukodi, naye huzitambua kwa rangi zingali mbali, nyingine kwa mngurumo tu.

"Wanadhani napenda mashine," anasema akiinama kuokota maganda ya karanga. Viatu vyake vimelika upande mmoja. "Mimi nilikuwa namtafuta mume wangu."

Mumewe alikuwa dereva katika shirika hili hadi lilipopunguza watu. Akapata kazi kwa wenye injini za kijani, mbali na nyumbani. Tangu hapo ndoa ikawa ya madirishani: treni zikipishana, mke anapunga kitambaa, mume anapiga honi, basi.

"Wenzetu wanaachana kwa talaka. Sisi tuliachanishwa na ratiba," anatania, bila kucheka.

Mwaka jana, wakati wa mvua, injini ya kijani ilipita ikiwa na dereva mwingine. Alipunguza mwendo, akapaza sauti: "Shemeji! Jamaa yuko hospitali! Mguu!"

Mara treni yao nayo ikang'oa nanga. Abiria mmoja akaita, anataka chai.

"Nilimpelekea," anasema. "Chai inamwagika, ananifokea. Nikapangusa. Nikasugua vyoo mpaka kituo cha mwisho, ndipo nikaomba ruhusa."

Mumewe alikuwa ameteleza akishuka kwenye injini, gurudumu likampitia mguuni. Mguu ulikwisha kukatwa chini ya goti. Alipomwona mkewe akageukia ukutani.

"Usiniangalie."

"Miaka yote nimekutolea macho dirishani," mke akamjibu, "leo nimekupata karibu, unaniambia nisikuangalie?"

Sasa mume yuko nyumbani, anatembelea magongo, na mshahara ni wa mtu mmoja. Jioni mke akirudi hoi, swali ni lile lile: "Leo zimepita zipi?" Naye, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, anasimulia: ya bluu ya watu wa kaskazini, nyekundu iliyochakaa inayokohoa moshi mlimani.

"Siku nyingine sioni hata moja, nambunia. Anajua. Ananiuliza ilikuwa inavuta nini, huku anacheka."

Likizo yake ikifika, anataka wapande treni wote wawili, kama abiria.

"Yeye akae dirishani," anasema, akichukua tena ufagio. "Mimi nitalala. Ikipita yoyote, atanisimulia yeye."