Pembe Nyeusi ku Kasumbalesa

Nilienda Kasumbalesa juu ya picha moja tu. Mutoto wa dada yangu Mado alikuwa anaoa binti ya bantu ba ng'ambo, upande wa Zambia, na Mado alikataa kutafuta mupiga-picha wa inje wakati miye niko. Miye masomo niliachia mwaka wa tatu wa primaire, lakini picha ninapiga tangu wakati wa filimu. Na kamera ilikuwa mupya. Binti yangu alinitumia plein format, ile yenye kuona eneo kubwa kupita yangu ya zamani. Nilijivuna nayo, niseme tu kweli.

Saa mbili asubuhi miye na dereva tulitoka Annexe, mutaa wetu. Njia ile ya malori, vumbi nyekundu inaingia mpaka mu meno. Shiye bapiga-picha ba huku tuko na mazoea yetu: tunakaza kioo cha kukinga mbele ya lensi, na mbele ya kile tunakaza kingine, vumbi ipate taabu kuingia. Miaka kumi nilifanya vile na kamera ya zamani, haikunisumbua hata siku moja. Ku njia dereva alinunua chikanda, ile chakula ya mizizi na karanga, yenye pilipili, nikala, nikalia machozi. Ile haina kazi hapa, lakini nayo ilinipata.

Saa sita tulifika. Bakwe bote, jamaa ya bibi-arusi, balikuwa bamekwisha kuikala mu lupango, mu kiwanja ya nyumba ya Mado, pamoja na kambo Agnès, nyanya ya bibi-arusi, kwa kiti kifupi. Balipaswa kuvuka mupaka mbele ya saa kumi. Kwa bo, mu picha wazee banakaa ku miisho ya safu, mumoja huku, mumoja kule, banafunga jamaa kama milango mbili.

Saa nane bakapangana kwa picha. Bantu balikuwa makumi matatu, lupango ndogo, mugongo yangu ku ukuta. Nikafungua lensi mpaka mwisho wa upana, nikapiga. Baba Chanda, mujomba wa bibi-arusi, akakuja kuangalia ku ekra ya kamera. Pembe zote ine nyeusi. Mu ile ya chini, kushoto, uso wa kambo nusu ilikuwa imemezwa.

"Kambo yetu iko muzima," alisema polepole. "Sababu gani unamutia mu giza kama marehemu?"

Nyuma yake bamama ba kwabo bakaanza kukunja bitenge na kuokota mifuko. Kama banaondoka na ile picha, bukwe, ule undugu wa ndoa, inakufa pale pale.

Kwanza nilishitaki jua. Nikafunga diafragma, tundu ya mwanga mu lensi, mpaka nane: giza ikazidi kuwa na ukingo, kama imekatwa na wembe. Nikavuta lensi karibu: giza ikaisha, lakini kambo naye akatoka mu picha. Nikamuomba baba Chanda asogeze wazee katikati.

"Wazee habasogezwi, tonton. Sogeza kamera yako."

Niisogeze wapi? Saa tisa ilikuwa imepiga. Nikageuza kamera, nikaichungulia kwa upande, na pale njo niliona: pete ya kioo cha pili imetokeza inje kama mudomo. Kamera ya zamani ilionaka katikati tu. Hii inaona mpaka ku mudomo. Nikazungusha, ikakataa. Vumbi ilikuwa imeigandisha, na mikono yangu ilijaa jasho.

Kambo Agnès aliuliza ninapigana na nini. Nikamujibu, kifuniko. Akavua kipande ya mpira ya gurudumu ya vélo yenye kufunga mufuko yake.

"Bokali ya achari tunaifunguaka na hii," alisema.

Mpira ikashika. Vioo vyote viwili vikatoka pamoja. Nikapiga tena. Baba Chanda aliangalia pembe muda murefu, mbele ya kuangalia bibi-arusi.

"Kambo iko," alisema. Bamama bakashusha mifuko chini.

Kambo aliomba kuona picha zote mbili, ya kwanza na hii. Kwa ile nyeusi akakawia.

"Hii usifute. Siku yangu ikifika, mutakuwa na picha ya kilio tayari."

Bantu bake bakacheka. Mado akaikala chini kabisa, ku udongo, na kitenge yake mupya.

Saa kumi na mbili nilikuwa ku njia ya kurudi, kamera imefungwa mu kitambaa. Tangu pale ninatumia kioo kimoja tu, na kila lensi ninaijaribu nyumbani, upana mpaka mwisho, mbele ya ukuta mweupe, ninaangalia pembe kwanza, sura nyuma. Ile picha nyeusi ingali mu kamera. Mado ananiulizaka kila mara kama bado niko nayo. Ninamujibu niko nayo, na hakuna mwenye amekuja kuiomba.