Jino Kati ya Wenzake

Sifa zote namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyetupa kinywa kabla hatujawa na la kusema, kisha akatuotesha meno wakati ulipofika. Namshukuru kwa umri alionipa. Namwomba anichungie ulimi katika haya ninayoyasimulia, kwa maana baadhi ya watu waliomo sikuwaheshimu, na mtu akisimulia habari za asiyemheshimu huongeza chumvi bila kujua.

Nilikuwa daktari wa meno hapa Mtwara hadi nilipostaafu. Miaka michache baadaye nilipigiwa simu nikaambiwa kuna mafunzo ya madaktari wa meno wa kusini, yatafanyika kwenye hoteli moja karibu na bahari, na wazee wa taaluma tunaalikwa kushuhudia. Somo lilikuwa kupandikiza meno ya mbele. Skrubu ndogo ya madini huingizwa kwenye mfupa wa taya, na juu yake huvalishwa jino bandia, likakaa kama limeota pale. Ni elimu nzuri na siipingi. Mtu wa simu akaongeza kwamba wanamtafuta mgonjwa aliyepoteza jino moja la mbele la juu, mwenye mfupa mzima, atakayetibiwa bure mbele ya wanafunzi.

Nilimfikiria dada yangu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, ndiye aliyenibeba mgongoni, na mpaka leo analima mihogo na korosho njia ya kwenda Madimba. Msimu uliopita alijikwaa mkorosheni, akaangukia mdomo, jino moja likatoka zima. Tangu hapo alizungumza na watu ameushika upindo wa kanga mdomoni, hata na mimi.

Msomaji asiye wa huku na ajue kwamba dada yangu ni Mmakonde wa zamani. Alipokuwa msichana alichongwa meno pamoja na wenzake wa rika lake, yale ya mbele ya juu yakawa na ncha kama ya msumeno. Mimi nilizaliwa desturi hiyo inakufa, baba akanipeleka chuoni kusoma Kurani, meno yangu yakabaki yalivyoota. Waliochongwa pamoja naye wote wametangulia mbele ya haki. Akikumbuka jina la mmoja wao hupitisha ulimi kwenye zile ncha, sijui kama mwenyewe anajua.

Nilipomweleza habari ya skrubu aliuliza kama itamruhusu kutafuna muhogo mkavu. Nilimwambia itamruhusu, baada ya kupona. Akakubali.

Mkufunzi alitoka Dar es Salaam. Wote walimwita Profesa, naye hakuwa profesa, na hakuna siku aliyowasahihisha. Alivaa saa nene na viatu visivyo na soksi, na kila sentensi yake ilikuwa na neno tabasamu. Mimi nilisomeshwa kwamba jino ni la kutafunia na kusemea. Kwake jino lilikuwa la kupigia picha. Ukutani alionyesha nyuso za watu wa mbali, meno yamepangwa kama vigae vya bafuni, akawa anauliza, "Mnaona?" Madaktari wetu, watu wazima wenye wake na waume, wakajibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza kwamba wanaona.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuzoeza mkono. Mataya ya plastiki ya kufanyia mazoezi yalikwama huko yalikokwama, na huko ng'ambo nasikia wakikosa plastiki hutumia vichwa vya nguruwe. Kwa kuwa huku Waislamu ni wengi, waandaaji wakaona watuheshimu. Wakaagiza vichwa vya mbuzi. Vikaletwa kwenye beseni, vimeoshwa vizuri, kila meza ikapewa chake. Profesa akavaa glavu, akafungua mdomo wa mbuzi wake atuonyeshe meno ya mbele ya juu.

Mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Hajapata kuwa nayo tangu alipoumbwa. Kila mtoto wa Mtwara aliyewahi kugombea kichwa cha mbuzi siku ya Idi anajua hilo, na Profesa na waandaaji wake walikuwa wamekula mbuzi maisha yao yote bila kuwahi kumtazama usoni. Profesa akafungua mdomo wa kichwa cha pili, akidhani cha kwanza kilikuwa kibovu. Mzee mmoja mwalikwa aliyekaa jirani yangu, niliyekwisha kumsimulia habari za dada, aliniuliza taratibu kama na wale nao wameanguka mkorosheni. Nilimwomba Mungu anisamehe, nikacheka hadi kofia ikanitoka. Mwisho madaktari waliambiwa waligeuze taya la chini juu chini, walichukulie kuwa ndilo la juu. Wakaligeuza. Wakatoboa. Wakapigana picha.

Kesho yake ikawa zamu ya dada. Profesa alimpima uso kwa kibanio cha chuma kama fundi anayepima dirisha, akitaja namba, bila kumwamkia. Madaktari vijana walimpa shikamoo, naye aliwaitikia wote mmoja mmoja, ganzi ikiwa tayari inamlegeza mdomo. Siwezi kumdhulumu mkufunzi: mkono wake ulikuwa mzuri. Skrubu iliingia imenyooka, ufizi haukuchanika, na damu ilikuwa kidogo. Niliona kazi safi, nikasema alhamdulillah.

Kisha akamvalisha jino la muda. Lilikuwa refu, la pembe nne, jeupe kuliko karatasi, alilichagua katika kibao cha rangi bila kuyatazama ya jirani. Akampa kioo.

Dada alijitazama. Akauliza, "Hili limekuja kufanya nini katikati ya wenzake?"

"Usijali, Bibi," Profesa akasema, na wote wakasogea na simu zao. "Kesho na hao wenzake tutawajazia, wawe sawasawa kama hili. Tunakurudishia tabasamu lako."

"Hao wamekukosea nini?"

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, akidhani bibi anatania. Dada hakuwa anatania. Alinigeukia akaniambia kwa Kimakonde kwamba hakuja kubadilishwa mdomo, alikuja kuzibiwa pengo, na kama jino haliwezi kuchongwa lifanane na mengine, basi ataomba arudi na pengo lake. Nilitafsiri neno kwa neno.

Profesa aliacha kucheka. Alieleza, akiwageukia wanafunzi badala ya dada, kwamba mpango wa matibabu una picha ya kabla na picha ya baada, na hiyo ya baada haiwezi kuwa ya mgonjwa mwenye meno yaliyoharibiwa. Asiyetaka mpango wote atavuliwa jino la muda, skrubu ifunikwe, na mafunzo yaendelee bila yeye. Wale madaktari, ambao baadhi yao bibi zao walichongwa vilevile, walitazama viatu vyao. Sikuwahi kuona watu waliosoma sana wakiwa wadogo namna ile.

Akanijia mimi, kwa sauti ya kubembeleza. "Mzee, wewe ni mtu wa dini. Si dini yenu yenyewe inakataza kuchonga meno?"

Nilijibu kwa utulivu, na utulivu huo haukuwa wangu. "Inakataza kubadili alichoumba Mungu kwa kutaka urembo. Ya dada yangu yalichongwa akiwa mtoto, hesabu yake iko kwa Mola wake. Hilo jeupe mmeliumba ninyi. Lichonge."

"Siwezi kufundisha watu kutengeneza kilema," akasema, akaanza kuvaa glavu amvue jino.

Hapo binti mmoja akasimama. Alikuwa daktari wa kituo kimoja cha serikali, Mkristo wa kutoka Mbeya, aliyehamishiwa huku kikazi, na tangu mafunzo yaanze sikuwa nimeisikia sauti yake. Alisema kama Profesa ameshamaliza somo lake, yeye atamhudumia mgonjwa. Hakungoja ruhusa. Alimpigia dada magoti kidogo, akamwomba radhi kwa kuwa atamchelewesha, akalifungua jino la muda, akalishika mkononi.

Alichora ncha kwa penseli akitazama jino la jirani, akasaga kidogo, akalijaribu mdomoni, akalitoa, akasaga tena. Dada alimwongoza. "Punguza huku. Hapo umezidisha, mwanangu, huyu hakuwa mkali hivyo." Profesa alitoka kwenda kunywa chai. Wanafunzi wakamfuata wachache, wengine wakabaki, na waliobaki wakaanza kuuliza maswali ya maana kwa mara ya kwanza: jino lenye ncha linabeba mzigo gani, liguswe au lisiguswe na la chini.

Cheti cha kumaliza mafunzo binti yule alipewa mwisho, bila kupigiwa makofi. Katika picha walizozitangaza dada yangu hayumo. Yumo mbuzi.

Mfupa ulipopona, binti alipeleka umbo la plasta la mdomo wa dada Dar es Salaam likatengenezwe jino la kudumu, la rangi ya meno ya mtu aliyeishi. Mafundi wakampigia simu kumuuliza kama umbo lilivunjika njiani. Akawaambia halikuvunjika, watengeneze jino lenye ncha kama walizoziona. Likaja. Siku lilipofungwa, dada alijitazama kiooni, akapitisha ulimi kuanzia upande mmoja hadi mwingine, akanitajia wenzake wa rika kwa majina, wote. Halafu akauliza muhogo uko wapi.

Wewe uliyenivumilia hadi hapa, Mungu akupe afya ya kinywa na ya moyo, akulinde na tabibu anayekutengeneza bila kukuamkia, na Yeye akikupunguzia kitu katika mwili wako, akupe mtu mwenye subira atakayekuuliza kilikuwaje. Amina.