Kufuli la Cyril Hobday

Kila mwaka, tarehe mbili Februari, Cyril Hobday hufunga lango la shamba lake kwa mnyororo kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku nyingine zote wanakijiji wa Wickenthorpe hukatiza humo kwenda kanisani. Siku hiyo moja huwazuia, isije ikasemwa kwamba, kwa kupitwa miaka mingi bila kufungwa, njia imekuwa haki yao kisheria.

Na kila mwaka Muriel Stanyon, aliyesambaza barua miaka thelathini na sasa ndiye msimamizi wa njia za parokia, huja kuutikisa mnyororo mara tatu na kumtukana.

Mwaka huu lango lilikuwa wazi, mnyororo ukining'inia bila kufuli.

Muriel hakupita. Alichungulia nyuma ya ua wa miiba kama kuna mtu amejificha, kisha akaenda dukani kwa Olive.

"Labda ameokoka," alisema Olive.

"Cyril? Malaika watampekua mifuko kwanza. Huyu ana lake. Atakuwa anauza shamba."

Wazo hilo lilimkata maini. Tajiri wa mjini akilinunua, angeziba njia kabisa, na wazee wangebaki kutembea maili nzima kwenye barabara ya malori. Akaenda kugonga mlango wa Cyril.

"Karani wa shetani," Cyril alimkaribisha. "Umeshatikisa?"

"Nitikise nini?"

"Usijitie ujinga, mama. Nimefunga tangu alfajiri."

Muriel alimkodolea macho akitafuta mzaha. Hakuuona. Kufuli lilikuwa mezani, ndani ya kopo la mkate, ufunguo ukining'inia. Cyril alimmiminia chai, akaketi, akainuka tena.

"Chai utakunywa? Na Percy hajambo?"

Percy alikuwa mume wa Muriel. Miaka sita iliyopita, Cyril mwenyewe alilibeba jeneza lake.

"Hajambo," alisema Muriel polepole. "Anakusalimu."

Angenyamaza tu, na mwaka huu lango lisingefungwa. Kwa mara ya kwanza daftari lake la njia za parokia lingeonyesha mwaka mzima bila kufuli, na siku moja njia ingekuwa ya kijiji. Lakini siku zote alikuwa ametaka kumpokonya Cyril njia huku mwenyewe akijua anapokonywa, si akiwa amesahau. Cyril alipogeuka kutafuta sukari, Muriel alilitia kufuli mfukoni.

Langoni alizungusha mnyororo, akafunga, akatikisa mara tatu.

"Mchoyo wewe, mzee wa ovyo!" alipaza sauti. "Utazikwa na lango lako!"

Dirishani Cyril alicheka, akainua kikombe.

Alicheka vizuri mno, Muriel aliona. Kama mtu ambaye mtego wake umenasa. Alisimama akimtazama kwa muda, ufunguo ukimlemea mfukoni, akijiuliza kama mzee yule amesahau kweli au amemfanya yeye amfungie lango. Kisha, nyonga ikimuuma, akashika barabara ya malori kwenda kanisani.