Semina ya kutomwacha mama peke yake

Leo nimefundishwa kutomwacha mama mwenye uchungu peke yake, huku nimemwacha mama mwenye uchungu peke yake.

Mimi ndiye mkunga pekee wa zamu kwenye kituo chetu, hapa karibu na Bwera, mpakani.
Asubuhi akaja daktari kutoka Kasese mjini, eti kutunoa kikazi.
Akatukusanya wote chumba cha mikutano, hadi mfagiaji.

Nikamwambia, "Daktari, nina mama wodini, amekaribia."
Akajibu kama afande kambini: "Kaa chini. Tunamaliza sasa hivi."

Nikakaa. (Ndiyo, nilikaa. Yeye ndiye anayeandika ripoti yangu.)

Somo likaendelea mpaka mlango ukasukumwa.
Ni yule mama wa wodini, mtu wa ng'ambo ya mpaka, ameshika ukuta, akasema kwa Kiswahili cha kwao:
"Sista, naona bote beko huku. Basi na mimi nitazalia huku huku."

Na akazalia huku huku, sakafuni, katikati ya viti. Mtoto wa kike, mzima.

Nilipoinua kichwa, daktari akasema, "Sista, ukishanawa mikono, njoo tupige picha ya pamoja."

Nyie wa vituo vingine, mngemjibu nini? Mimi bado natafuta jibu lenye adabu.