Mifuko Kumi na Minne kwa Depo Moja

Ile depo ya kuwekea unga unayoiona nyuma ya jiko ilinila mifuko kumi na minne ya simenti na vikwembe vinne, vitenge vya ndoa yangu. Nimehesabu mara mbili, usihangaike kunisahihisha. Fundi alisema mifuko minane inatosha, mi nikamwambia atakayelala hapa ni mimi, si yeye. Na wewe, mwanangu, tangu utoto ukiingia kuchukua unga unajikwaa kwenye sakafu iliyoinuka shubiri nzima juu ya kizingiti, halafu unaguna kwamba wazee hawakujua kujenga. Jana umeniambia umepata mtu wa kukutolea vitu vyote kwenye depo ya nyumba yako mpya, kwa bei ya chini, na hakubishana hata kidogo. Ulisema kwa furaha. Keti kidogo.

Nakumbuka Jumatano moja, nikiwa mke mchanga hapa Kapata. Kampuni ya migodi iliyotujengea mtaa huu ilikuwa imeacha kulipa, na marehemu baba yako, kama wanaume wote wa safu hii ya nyumba, alipaka mafuta viatu vyake vya kazi kila Jumapili akingoja kuitwa. Mi sikungoja. Nilikuwa nauza unga sokoni, na nilikuwa nimepatana na dereva wa lori aliyeleta mahindi kutoka upande wa Sandoa. Wakati wa mavuno bei inalala, unanunua magunia, unayaweka. Bei ikiamka, unauza. Hesabu ilikuwa nzuri. Ilikosa mahali pa kuweka magunia tu.

Na mahali palikuwapo. Nyumba yenyewe Kampuni iliimwagia simenti, lakini depo baba mkwe aliiongezea kwa mikono yake: matofali mabichi, mabati ya kuokota, na chini udongo mtupu. Mama mkwe wangu, Mama Ngalula, alikuwa ameijaza mpaka kwenye bati. Vitanda vya chuma visivyo na miguu, baiskeli isiyo na magurudumu, kofia za kazi zilizopasuka, boliti za reli, mlango wa nyumba ambayo hakuna aliyeikumbuka. Ukitaka jembe, kwanza uombe Mungu. Mara nyingi nilimwomba ruhusa ya kuvitoa, na kila mara alinijibu kwamba chakula kinaungua. Alikuwa mwanamke wa Kasai wa zamani. Hakupenda kumwambia mkwe hapana, alipenda mkwe aielewe mwenyewe.

Sikuielewa. Jumatano hiyo alipokwenda kwenye maombi ya akina mama, nikamwita mchimbaji mmoja aliyehamia karibu nasi kutoka Fungurume, jina lake Trezor. Nikamtajia bei ya kutoa kila kitu na kufagia. Ilikuwa bei ya matusi, mwanangu, ile unayoitaja ili mtu akasirike muanze kupatana.

Akasema, "Njo ile, mama. Hakuna tabu."

Nikawa kama mtu aliyeusukuma kwa bega mlango usiofungwa: nilianguka ndani. Lakini nilikuwa kijana, nikadhani ni ukali wangu wa sokoni.

Kufikia saa sita vitu vyote vilikuwa nje uani, katika lupango. Nikaanza kuona haya kwa ile bei, nikamwambia achukue na baiskeli. Akaikataa. Aliomba yale mavumbi aliyofagia. Nakuambia alifagia kwa jembe, si kwa ufagio, akajaza nusu gunia, akaondoka nalo begani. Chuma anakiacha, takataka anaibeba. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yangu mi yalikuwa yanahesabu mahindi ambayo bado hayajafika.

Mama mkwe akarudi. Alipita katikati ya vitu vyake bila kuvitazama, akasimama mlangoni mwa depo. Nilijiandaa kwa kelele. Aliuliza taratibu nani alifagia. Nikamtaja. Akauliza vumbi liko wapi. Nikamwambia. Hapo akakaa juu ya kitanda kimoja cha chuma kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mi njo nilijaza hii depo," alisema. "Muntu mwenye anaingia humu anaona uchafu, anarudia. Hakuna mwenye anaangalia chini. Sasa ulibaonyesha udongo, mwana. Kesho batakuja na dola."

Nikainama. Pale jembe lilipokwangua palikuwa na michirizi ya kijani na vijiwe vyeusi. Kijani ni shaba, kijiwe cheusi ni kobalti, na vyote viwili ni mwisho wa nyumba.

Kesho yake, kabla chai haijachemka, Trezor alikuwa mlangoni pamoja na mnunuzi wa madini, mtu wa viatu visivyojua tope. Hawakutaka nyumba, walisema. Walitaka depo tu. Shimo dogo, lina mlango na bati juu, hakuna jirani atakayeliona. Bei waliyotaja ilizidi deni lote ambalo Kampuni ilidaiwa na baba yako. Nilimwona akimeza mate. Simlaumu. Mtu aliyekula bukari bila kitoweo mwezi mzima ana haki ya kumeza mate.

Mi nikauliza kama ninavyouliza kwa wauza samaki. Shimo litashuka mpaka wapi? Mpaka kwenye jiwe. Likishafika, litaelekea wapi? Trezor akacheka, akasema shimo linafuata jiwe. Na jiwe likielekea chini ya kitanda cha mama mkwe? Hapo alijibu mnunuzi mwenyewe.

"Mama, kwa hii feza utanunua kitanda ingine."

"Basi sikia bei yangu," nikamwambia. "Muchimbe kwanza chini ya kitanda ya mama yako. Akilala muzuri mwaka muzima, mukuje tupatane."

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua majani ya sombe pembeni, akakohoa. Ilinichukua miaka kujua kwamba kikohozi kile ndicho kicheko chake.

Waliondoka, wakarudi. Kila asubuhi bei yao ilipanda kidogo, na kila asubuhi hapana ya mume wangu ilishuka kidogo. Nyuma yetu, safu ya pili, jirani alikuwa amekubali shimo lao. Ukuta wake ukapata ufa wa kuingiza mkono, na familia ikahama na magodoro kichwani. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unaoanzia chini ya ardhi utauziba na nini? Ndipo nikaelewa kwamba hapana ya mdomo inabidi uiseme upya kila kukicha, na iko siku utaamka umechoka.

Nikafungua sanduku langu. Vikwembe vinne, vya siku ya ndoa, bado havijavaliwa. Niliviuza kwa mwanamke aliyeona wazi kwamba nina haraka, na hata hivyo bei yake ya kwanza niliikataa. Nikarudi na simenti juu ya mkokoteni wa pusupusu, nikitembea nyuma yake kama polisi. Baba yako akasema nimerukwa na akili, kuzika nguo za ndoa chini ya unga. Tulibishana mpaka sauti zikaisha. Mwishowe akaapa mbele ya mama yake kwamba siku ujinga huo utakapogeuka akili, atanirudishia vikwembe vyangu vyote.

Fundi akaja, akatazama, akauliza vyuma vya kushikilia simenti viko wapi. Sikuwa na pesa ya vyuma. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akainuka, akakikokota kitanda kimoja, akakitupa ndani ya depo. Akafuata baiskeli. Nikachukua ndoo ya boliti, baba yako naye, kwa uso wa mtu aliyeshindwa kesi, akabeba kitanda cha pili. Karibu kila nilichokitoa Jumatano kilirudi ndani, safari hii kikiwa kimelala, na simenti ikamwagwa juu yake.

"Sasa muniambie," mama mkwe alisema, "nani atabitosha inje."

Alibakiza kofia moja ya kazi. Ndiyo hii ninayopimia unga mpaka leo.

Trezor alikuja simenti ikiwa imekauka. Aliipiga kwa kisigino, akasikiliza. Usidanganyike, mwanangu, simenti inavunjika. Lakini haivunjiki kimya, na wao walihitaji kimya kuliko walivyohitaji jiwe. Nikamhesabia ile bei yake ya kufagia, ambayo nilikuwa bado sijamlipa. Siku hiyo alijaribu kupatana.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mi sikusikia, na miguu yangu yote miwili hii hapa, ihesabu. Wala sijutii kuitoa ile takataka. Magunia yaliyolala juu ya sakafu hiyo ndiyo yaliyokusomesha. Lakini kabla hujatupa kitu cha wazee, uliza kinazuia nini, na mzee akikujibu kwamba chakula kinaungua, mzimie moto umuulize tena. Mtu akikubali bei yako bila kupatana, simama uhesabu upya, maana kuna kitu anachokiona ambacho wewe hujakiona. Huyo uliyempata, mwambie asubiri. Nenda uangalie chini kwanza. Na ukitaka kukataa, weka hapana yako mahali ambapo hata ukichoka itabaki imesimama.

Mungu akupe nyumba isiyotikisika. Akupe watoto wa kujikwaa kwenye sakafu yako na kukugunia wakiwa wazima.

Sasa ile hesabu yangu. Baba yako aliishi mpaka akaona ujinga ule umegeuka akili, na alinilipa kikwembe kimoja, chekundu, sikukipenda. Bado vitatu. Viatu vyake vya kazi umevirithi wewe, basi na deni ni lako. Leta kimoja kwa kuanzia, tena cha nguo nzito isiyochuja rangi. Na muuzaji akikubali bei yako ya kwanza, kirudishe.