Udongo wa Ukingo wa Mto

Binti yangu alirudi nyumbani kwetu Goma kungojea mtoto wake wa kwanza, na kuanzia wiki ile harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ikaanza kunifuata ndani ya nyumba. Alikuwa anakula pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba hupenda kuumung'unya. Unauzwa sokoni, lakini yeye hakuutaka wa sokoni. Dada yangu mkubwa, anayelima kule Masisi tulikozaliwa, alikuwa akimletea wa kwetu, unaochimbwa kwenye ukingo wa mto, pale pale mama yetu alipokuwa akiuchimba.

Mimi ni fundi wa redio. Shuleni sikufika mbali. Mengi ninayoyajua nimeyatoa kwenye vitabu vikuukuu vya barabarani, na nimezoea kutoamini kitu kabla sijakifungua. Mto ule niliuona safari yangu ya mwisho. Upande wa juu watu wanachimba na kuosha madini mchana kutwa, na maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mlimani kuna mashamba ya viazi, na wakulima wakimaliza kupuliza dawa ya buluu wanasuuza pampu zao mtoni. Niliwahi kusoma maandishi ya kopo la dawa hiyo: ndani yake mna shaba.

Dada alipofika na mfuko mwingine, nilichukua bonge moja, nikalivunjia katika beseni la maji, nikakoroga na kuacha litulie. Nikamwaga maji ya juu polepole, nikaongeza mengine, nikarudia, jinsi waosha madini wanavyofanya. Udongo ukaondoka. Chini ukabaki mchanga mweusi, mzito, usiosogea hata ukitikisa beseni. Nikaukausha, nikausogezea sumaku ya spika ya zamani. Chembe chache ziliruka zikanata. Nyingi zilibaki pale pale, nzito lakini si chuma.

Dada alikuwa ananitazama huku akicheka.

"Angalia muzee! Weye ulibebaka mimba siku gani? Mama alikulaka hii wakati ulikuwa ndani ya tumbo yake. Ulikufa?"

"Sikufa. Lakini wakati wa mama hakukuwa mutu wa kuosha madini kule juu."

"Mto ni ule ule."

"Mto ukifurika, unaacha pale ukingoni vyote vyenye unabeba."

Akainama, akachovya kidole kwenye mchanga, akausugua kati ya vidole viwili. Kicheko kikaisha. Mchanga ule aliufahamu kuliko mimi; anapita kando yake kila siku akienda shambani.

"Hii ni ya kule kwenye wanachimbaka," akasema.

Nilijitahidi kutosema zaidi ya nilichokijua. Huenda mchanga wenyewe hauna sumu. Ulionyesha tu kwamba uchafu wa machimbo unafika ukingoni. Lakini pamoja na uchafu huo inaweza kuja risasi, metali ambayo nimesoma kwamba hutoka kwenye damu ya mama ikaingia kwa mtoto aliye tumboni, na hiyo haionekani kwa macho wala haivutwi na sumaku. Kwenye kituo cha afya nilikuwa nimeuliza. Muuguzi aliniambia hawana mashine ya kuipima. "Aache tu kula," alisema.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kipande alichokuwa amekila nusu. Akakiweka mezani.

"Papa, na ile nilishakula?"

Nikamweleza kidogo nilichokisoma: kwamba mwili uliokosa chakula kizuri hupokea risasi kwa wingi zaidi, kwa hiyo ale maharage na mboga za lengalenga, anywe maziwa kila siku.

Dada akachangamka, kama mtu aliyepewa kazi anayoiweza.

"Kwa maziwa musihangaike. Mutoto wangu, miye tante yako nitakuletea fromage, jibini ile ya kwetu, nzima nzima. Ng'ombe wako kule."

Binti akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu beseni liwekwe mezani. Ningeweza kunyamaza.

"Ng'ombe wanakunywaka maji wapi?" nikauliza.

Dada alikuwa anajifunga kitenge kiunoni ili aondoke. Mikono yake ikasimama.

"Wakunywe wapi tena," akasema. "Mtoni, pale pale kwenye siye tunakunywaka."