Msalaba Uliokataa Kufutika

Nina kiduka cha kuchapa karatasi na kuchaji simu pale Mushaki, kando ya barabara. Kompyuta yangu inatumia Linux, mfumo usioshikwa na virusi ovyo. Mimi si bingwa, ila flashi za wateja zilikuwa zimenijazia virusi hadi nikachoka. Watu husema mashine yangu ina maringo. Ina maringo kweli, lakini haijawahi kula kazi ya mtu.

Siku hiyo waliingia watatu: Mama, mdogo wangu wa kike aliyekuwa anamaliza shule ya uuguzi, na mdogo wangu wa kiume ambaye tulikuwa tumekwisha kumlilia matanga.

Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu kwenye migodi ya Walikale, upande wa Omate. Tukapigiwa simu kwamba shimo limeporomoka, kwamba uso wake hautambuliki ila jaketi lake la buluu kila mtu analijua, na kwamba wamemzika hukohuko. Tulilia, Mama akanyoa nywele. Kisha, nywele zikiwa bado hazijaota vizuri, yeye mwenyewe akatokea shambani na mfuko begani, akamuuliza Mama kwa nini amenyoa. Mama aliketi juu ya maharage aliyokuwa anayapalilia. Mimi nilifika mbio, nikamshika mdogo wangu masikio yote mawili nikayavuta, maana macho yangu sikuyaamini.

Yeye hakujua lolote. Alikuwa amehamia shimo jingine ndani kabisa ya msitu, mahali pasipo na mtandao. Tangu tulipomweleza habari ya jaketi, akawa mtu wa maneno machache.

Sasa kulikuwa na kazi ya mwisho ya shule ya mdogo wangu wa kike, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ambayo ilipaswa kupelekwa kesho yake. Wakati wa matanga, kwenye ukurasa wa kuwatolea watu heshima, alikuwa ameandika jina la kaka yake, na kando yake msalaba, kama tunavyowaandika wafu. Mama hasomi Kifaransa, lakini msalaba anaujua.

"Toa ule musalaba," aliniambia. "Leo. Mutoto iko muzima, na karatasi inasema alikufa."

Nikachomeka flashi yenye kazi hiyo. Faili likafunguka, msalaba ule pale, lakini kila nilipotaka kuhifadhi nilichobadilisha, mashine ilikataa: ni kusoma tu. Sikujisumbua. Nilinakili faili kwenye kompyuta, nikafuta msalaba huko, nikachapa ukurasa safi na kumpa Mama.

Aliutazama kwa muda. "Na mu flashi? Iko bado mule ndani?"

"Iko, Mama, lakini haina shida. Mwalimu atapewa karatasi."

"Basi mule ndani mutoto wangu iko mufu."

Nilitaka kucheka, nikamwona uso. Nikarudi kwenye kiti.

Nikaiuliza mashine ina nini. Ikajibu kwamba flashi iliwahi kuchomolewa bila kufungwa, kwa hiyo imeharibika kidogo na haitaandikwa kitu. Nikamtazama mdogo wangu wa kike.

"Unachomoa flashi kama muhogo," nilimwambia.

"Basi ni muhogo, dada. Ulitaka nifanye nini, moto wa umeme ulikuwa unakatika."

Nikaitenganisha flashi na mfumo, nikaamuru ikaguliwe na kurekebishwa. Kazi hiyo hufanywa kwa jina la mkuu wa mashine, yaani akaunti ya msimamizi, kwa neno lake la siri. Ikakaguliwa, nikaifungua tena, nikafuta, nikahifadhi. Mashine ikaandika: ruhusa imekataliwa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu, na nilianza kuogopa kitu nisichokijua. Mimi ninayebishana na mashine kila siku, nikafikiri labda kuna anayetaka mdogo wangu abaki amekufa.

Halafu nikaona ujinga wangu. Nilikuwa nimeifungua flashi kwa jina la mkuu, na mimi nimekaa pale kama mtumiaji wa kawaida. Kila kilichomo kilikuwa mali yake. Nikaifunga, nikaifungua upya, safari hii nikitaja kwamba mwenyewe ni mimi. Faili la kujaribia likaandikika.

"Sasa inakubali," nilisema, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Dada, ngoja kwanza," alisema mdogo wangu wa kiume kutoka mlangoni.

Sote tuligeuka.

"Ile jaketi nilimupatiaka mwenzangu, asubuhi nilipotoka pale shimoni. Alikuwa anasikia baridi. Muliniliaka mimi, lakini mwenye alikufa njo yeye. Muache musalaba. Mutoe tu jina yangu."

Kumbe siku zote zile za furaha yetu, yeye alikuwa na msiba wake ndani ya nyumba yetu, na hakuna aliyempa pole.

Mama ndiye aliyeuliza. "Alikuwa mutoto wa nani?"

"Sijui, Mama."

"Jina?"

"Pale hatuulizanaka majina. Tulikuwa tunamuita tu kaka."

Mama alikaa kwenye benchi la wateja, akagusa nywele zake fupi. "Basi njo ule mutoto nililia," alisema.

Mdogo wangu wa kike alivuta kibodi kwake. Akafuta jina, akaacha msalaba, na mbele yake akaandika neno moja la Kiswahili katikati ya Kifaransa chote kile: kaka. Akahifadhi. Mashine haikukataa.